Wasemao Pasi na Kuulizwa

Hakuna malalamiko yaliyoenea siku hizi kama haya ya kwamba mambo yameshuka. Ukikaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, utayasikia. Ukingoja matatu katika stendi ya Kakamega utayasikia vile vile. Magazeti si yale. Siasa si ile. Nyimbo si zile. Wazee husema hivyo kwa huzuni, na vijana huwajibu kwa kicheko, kwamba tangu dunia kuwa dunia kila mzee husifu enzi zake. Na kwa hakika vijana wana haki ya kucheka, kwani malalamiko yasiyoonyesha sababu ni kama kikohozi: humpa nafuu ya kitambo mwenye kukohoa, lakini hayamtibu kifua.

Madhumuni ya makala haya ni kuitafuta hiyo sababu. Nami nitaitafuta mahali ambapo wasomaji wengi wa Pwani hawajapata kufika, napo ni Bukura, kusini-magharibi ya mji wa Kakamega, ambako kazi imeniweka mimi, mtu wa Mombasa, kwa miaka kadhaa sasa. Bukura ni soko la wakulima. Jina lake hujulikana zaidi kwa sababu ya chuo cha kilimo, kilichoanzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920 na ambacho sheria ya mwaka 1999 ilikifanya shirika la umma. Watu wake wengi ni Watsotso, mmoja wa ukoo mwingi wa Waluhya. Hulima mahindi na maharagwe, hufuga ng'ombe wa maziwa, na miaka mingi walitegemea miwa.

Wala asidhani msomaji kwamba huku ni ugenini kabisa kwetu. Safari fupi kutoka hapa iko Mumias, makao ya Nabongo wa Wanga. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilifika huko katika karne ya 19, enzi za Nabongo Shiundu na mwanawe Mumia, ikaacha Kiswahili na ikaacha Uislamu. Mpaka leo adhana hulia Mumias, na wanaoitika ni wenyeji, si wahamiaji. Basi tukizungumza mambo ya huku tunazungumza mambo ya jamaa.

SANADI

Waislamu tuna elimu moja ambayo nadhani inafaa kuwa kipimo chetu katika jambo hili, nayo ni elimu ya sanadi. Wanazuoni wa Hadithi hawakuridhika na maneno mazuri peke yake. Waliuliza: nani kasimulia? Kayapata kwa nani? Na huyo naye kayapata kwa nani? Kisha wakamchunguza kila mtu katika mnyororo ule: alikuwa mkweli? Alikuwa na kumbukumbu nzuri? Aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia? Maneno yakiwa matamu namna gani, mnyororo ukikatika yalishushwa daraja. Na Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Hujurat, inatuamrisha kwamba anapotujia fasiki na habari tuchunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Kwa kipimo hicho, rai yangu ni hii. Kilichoshuka katika habari, siasa na starehe si akili za watu, wala si vipaji. Kilichoshuka ni kuulizwa. Mwenye kusema amepata njia ya kusema bila ya kukutana uso kwa uso na mtu awezaye kumwambia: haya umeyapata wapi? Pale mtu anapojua kuwa ataulizwa, hujitayarisha. Anapojua kuwa hataulizwa, hupayuka. Siri yote naiona hapo.

MATANGA YA JUMAMOSI

Mahali ambapo nimeliona jambo hili waziwazi ni matangani. Huku mazishi hufanywa zaidi siku za mwisho wa juma. Maiti hutolewa mochari Ijumaa, hulala nyumbani, na huzikwa Jumamosi mchana. Turubai hufungwa uwanjani, viti vya kukodi hupangwa, na vipaza sauti huwekwa juu ya miti. Sisi tuliozoea kumstiri maiti wetu siku ile ile tusikimbilie kuwacheka wenzetu, maana arusi zetu za siku hizi zina yao ya kusemwa.

Jumamosi moja nilihudhuria mazishi ya mzee mmoja mkulima, si mbali na soko. Wajukuu walisema. Jirani alisema. Mwakilishi wa kanisa alisema. Kisha likaingia gari kubwa jeusi, na magari mengine mawili nyuma yake, na vijana wakasimama. Mheshimiwa alikuwa amechelewa, lakini kipaza sauti kilimfuata alipoketi. Alimtaja marehemu kwa sentensi mbili. Baada ya hapo alisema kwa muda mrefu sana juu ya mheshimiwa mwenziwe: kwamba ni mwizi, kwamba ni mwoga, kwamba mke wake humtawala. Watu walicheka. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza ule mwizi umethibitishwa wapi, wala ile barabara iliyoahidiwa imefikia wapi. Angeinuaje mkono? Haya ni matanga. Adabu inamkataza mfiwa kubishana na mgeni, na mgeni anaijua adabu hiyo, ndiyo sababu akachagua mahali hapo pa kusemea.

Pembeni walisimama vijana watatu wenye simu, wakipiga picha. Kabla ya jioni maneno yale yalikwisha kuwa habari. Yaliyoenea ni yale ya mke. Marehemu hakutajwa, na barabara haikutajwa.

Usiku ule, baada ya kaburi kufukiwa na wageni wakubwa kuondoka, jenereta iliwashwa. Akaja mpiga santuri, huyu wanayemwita dijei, na spika zake, na muziki ukapigwa mpaka karibu na alfajiri. Huu ndio unaoitwa disko matanga. Hapo mwanzo ulikuwa ni njia ya wafiwa kuchangisha pesa za mazishi na ya kuwaweka watu macho. Siku hizi watoto wa shule hutoka vijiji vya mbali wakaja kucheza gizani nyumbani kwa watu wasiowajua. Kulipopambazuka dijei alifunga waya zake akaenda zake, na yaliyotokea gizani hakuna wa kuulizwa.

Tazama basi, ndugu msomaji. Siasa, habari na starehe, zote tatu zilikuja katika ua mmoja kwa siku moja, na zote tatu zilisema zilivyotaka pasi na kuulizwa. Sasa tuzitazame moja moja.

REDIO NA MAGAZETI

Hapana budi tuwe waadilifu tunapoikumbuka Sauti ya Kenya. Watangazaji wake walikuwa mafundi wa lugha. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Mombasa na kufariki Februari 2025, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, akawa anatufunza adabu kwa Kiswahili ambacho mtoto na mzee walikifahamu. Nguvu ya sauti ile ilidhihirika tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi walioasi walipotaka taifa liamini kwamba serikali imepinduliwa, walimfuata Mbotela nyumbani kwake wakamlazimisha atangaze yeye. Walikuwa na bunduki na walikuwa na kituo cha redio, lakini walijua kwamba bila ya sauti inayoaminika maneno yao yangekuwa upepo. Yaani hata mwasi alitafuta sanadi.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba enzi zile zilikuwa za dhahabu. Taarifa ya habari ilianza na Rais alikokwenda na alivyosema, na aghalabu iliishia hapo hapo. Ndiyo maana barazani kwetu saa za Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, watu walinyamazishana ili wasikie habari za Kenya kutoka London. Msomaji wa habari Nairobi alikuwa na lugha nzuri lakini hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Kwa hivyo kilichokuwa juu ni ustadi, si uhuru.

Katikati ya miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa. Redio za watu binafsi zikaanza, na baada ya mwaka 2000 zikazagaa. Leo Bukura husikia Mulembe FM kwa lugha za Kiluhya, kama vile Mombasa inavyosikia Pwani FM, Baraka, Rahma na Salaam. Hili ni jambo la heri. Mama muuza mboga ambaye Kiingereza hakijui sasa husikia bei na mvua kwa lugha ya nyumbani. Lakini uhuru ulikuja na bwana mpya, naye ni mtoa matangazo ya biashara. Yeye hanunui ukweli wala uwongo, hununua masikio. Na masikio hukusanywa upesi zaidi kwa mzaha wa mambo ya kitandani asubuhi, watoto wakiwa njiani kwenda shule, kuliko kwa mahojiano juu ya bei ya miwa.

Madhara yake si ya lugha tu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 waliuawa, kwa hesabu ya tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, na tume hiyo iligusia redio zilizopandisha hasira za kikabila. Mtangazaji mmoja alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Kesi yake ilisimamishwa Aprili 2016 bila ya kutiwa hatiani. Hatia ni jambo la mahakama. La kwetu ni kwamba nchi nzima ilijifunza kwa damu kuwa neno la redioni si mchezo.

Magazeti nayo yamebanwa. Pesa za matangazo zimehamia kwenye makampuni ya intaneti ya ng'ambo. Serikali nayo, mtoa matangazo mkubwa kuliko wote, iliagiza Machi 2024 kwamba matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Mwandishi wa mashambani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa kila habari inayotoka badala ya mshahara wa mwezi, hawezi kukaa Bukura siku tatu akichunguza jambo moja. Atakwenda matangani, atanukuu tusi, ataituma kwa simu, ale. Tumlaumu, lakini tujue pia kwamba hata sisi wasomaji tumekwisha kuzoea kusoma bure, na kazi ya bure ina thamani yake.

Ndipo ikaja simu ya mkononi, ambayo kila mtu ni mhariri wa nafsi yake. Habari huja imeandikwa juu yake kwamba imepelekwa mara nyingi. Wengi huichukua ile kuwa ndiyo hoja: imepita kwa watu wengi, basi ni kweli. Kwa mwanafunzi wa sanadi hiyo ni kinyume kabisa. Wingi wa wapokezi wasiojulikana ni udhaifu, si nguvu.

Linganisha na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alitoa Mombasa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Alikemea ujinga, uvivu na uigaji wa mambo ya kigeni bila ya kupima, na waliokasirika walikuwa wengi. Lakini jina lake lilikuwa juu ya karatasi, na mwenyewe alikuwa katika mji ule ule. Mwenye swali alimjua wa kumwuliza. Mwandishi wa namna hiyo hawezi kuandika ovyo hata akitaka.

SIASA

Pwani na Kakamega ziliwahi kukaa katika chama kimoja. KADU ilipoundwa mwaka 1960 kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala wa Kilifi, na miongoni mwa wenziwe walikuwamo Masinde Muliro na kijana machachari wa Butere, Martin Shikuku. Butere ni jirani wa Bukura, na wazee wa hapa bado humsimulia Shikuku kama kwamba alikuwa mjomba wao.

Kiswahili kilipoingia Bungeni mwaka 1974 Shikuku alikuwa kama samaki aliyerudishwa majini. Oktoba 1975 alisimama akasema kwamba wako wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Mara moja ikatakiwa athibitishe. Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, akaamua kwamba lililo dhahiri halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge, wakawekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani mpaka Desemba 1978.

Sikitaji kisa hiki ili niseme kwamba Shikuku hakuwa na kasoro, maana alikuwa nazo. Nakitaja kwa sababu ya jambo moja. Neno lile lilisemwa mahali palipo na kanuni: mwenye kusema anajulikana, mwenziwe ana haki ya kudai ushahidi, mwamuzi anatoa uamuzi, na mwandishi wa Bunge anaandika yote. Kwa neno moja mtu aliweza kufungwa miaka mitatu, kwa hivyo hakulisema kabla ya kulipima. Siku hizi neno zito zaidi ya lile husemwa matangani na makanisani kila mwisho wa juma, na halimgharimu msemaji hata petroli ya kurudi, kwani hiyo hulipwa na umma.

Msomaji ataniambia: lakini siku hizi kuna midahalo ya televisheni! Naam, tuitazame. Februari 2013 wagombea urais wote wanane walisimama jukwaa moja Nairobi wakaulizwa maswali, na nchi nzima ikatazama. Julai 2017 Rais Uhuru Kenyatta hakuja; marehemu Raila Odinga akasimama peke yake. Julai 2022 Raila hakuja. William Ruto, ambaye wakati ule alikuwa Naibu wa Rais, akasimama peke yake. Wanane, kisha mmoja, kisha mmoja. Kila upande ulikuwa na udhuru wake, na kila upande uliupata uungwana wa kuulizwa pale tu ulipouona una faida. Wala hatukuwaadhibu. Tulipiga kura kana kwamba hakuna kilichotokea, na wanasiasa wakajifunza kwamba mwenye kukataa maswali hapotezi kitu.

STAREHE

Tukija kwenye starehe, wengi wetu hupenda kulia juu ya nguo na viuno. Mimi nadhani tatizo limeanza kabla ya hapo.

George Mukabi alitoka Kisa, upande huu huu wa Butere, akafariki mwaka 1963. Gitaa moja, na chupa ya soda ya kugongea mahadhi, vilitosha kuanzisha mtindo wa omutibo ambao vijana wengi wa Magharibi waliuiga. Mtu huyu wa Kisa aliimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilikuwa za mapenzi, za nasaha na za visa vya watu. Kwetu Mombasa Juma Bhalo, aliyefariki Aprili 2014, aliimba mashairi ya jamaa yake Ahmad Nassir, Malenga wa Mvita. Shairi lilikuwa na mtunzi anayejulikana, vina na mizani vilikuwa na wakaguzi katika kila baraza, na aliyeguswa na shairi aliweza kutunga la kujibu. Ugomvi wa washairi ulikuwa ni desturi yetu tangu enzi za Muyaka. Kuimba ulikuwa ni kusema mbele ya watu watakaokujibu kesho.

Huku Kakamega wenzetu Waisukha na Waidakho wana isukuti. Ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Mwimbaji huongoza, na wanaume na wanawake hucheza kwa safu. Hupigwa mtoto akizaliwa, arusini, michezoni, na matangani pia. Mwaka 2014 UNESCO iliitia isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba watunzi wamezeeka bila ya warithi, na watazamaji wamevutwa na starehe za biashara. Katika orodha hiyo hiyo, tangu mwaka 2009, zimo mila za makaya ya Wamijikenda. Basi sisi na wao tumo wodi moja.

Hebu tafakari tofauti ya isukuti ya matangani na disko matanga. Mwimbaji wa isukuti humjua marehemu, au huuliza habari zake kabla ya kuimba. Akikosea nasaba yake, shangazi wa marehemu yupo pale na atamsahihisha. Wacheza ngoma ni watoto wa watu wanaofahamika, na wazee wamekaa wanatazama. Kwa Wabukusu walioko kaskazini, mzee wa heshima akizikwa, hotuba ya kumwaga haisemwi na yeyote tu. Iko kwa wazee wa koo maalumu, na maneno yao yana taratibu. Disko halimjui marehemu. Nyimbo zake ni zile zile kwa kila maiti. Wakuu wa serikali wamepiga marufuku disko hizi mara kwa mara, huku Magharibi na kule Kilifi pia, wakizihusisha na mimba za wasichana wa shule. Marufuku hutangazwa, chifu husikika kwa wiki mbili, kisha jenereta huwashwa tena. Msichana wa darasa la 8 aliyepata mimba matangani hatakutana tena na mpiga santuri. Hapo ndipo kuporomoka kwa starehe kunapokoma kuwa mazungumzo ya barazani.

HASARA YAKE NI NINI

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya anasa na mshiba ndiye ayajaliye, namwalika atazame miwa.

Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971 ikaanza kusaga mwaka 1973. Iliwahi kuwa kubwa kuliko zote nchini, na mwaka 2001 hisa zake ziliingia katika soko la Nairobi. Mwaka 2018 ilitangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 15. Septemba 2019 benki iliyoidai iliiweka chini ya mrasimu. Wakulima waliachwa na miwa iliyokauka shambani na madeni yasiyolipwa, na baba wengi wa sehemu hizi waliuza ng'ombe ili kulipa karo.

Kampuni haikuanguka kwa usiku mmoja. Hesabu zake zilichapishwa kila mwaka, na hasara zilionekana miaka kadhaa kabla ya 2019. Lakini hesabu hizo zilikaa zaidi katika kurasa za biashara za magazeti ya Kiingereza, ilhali katika mikutano mkulima alisikia kitu kingine: ahadi za kuifufua Mumias, uchaguzi baada ya uchaguzi, pamoja na matusi ya nani alimrogea nani kiwanda. Swali la bei, la deni na la nani anunue, halikupata mahali pa kukaa. Sisi wa Pwani tusishangae. Ramisi ilikufa hivyo hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kiwanda cha korosho cha Kilifi kikafuata katika miaka ya 1990. Mpaka leo mwenye mkorosho wake hajapata maelezo yaliyonyooka.

Na ushahidi kwamba kuuliza kuna faida upo. Machi 2024 chombo kidogo cha waandishi wachunguzi, Africa Uncensored, kilitoa habari kwamba mbolea ya ruzuku iliyouzwa kwa wakulima haikuwa mbolea ya kweli. Waandishi walikuwa wamechukua mifuko, wakaipeleka kupimwa, wakawataja waliohusika. Mwanzoni wakuu walibisha. Baadaye serikali ilitangaza kuwafidia wakulima, na mwezi wa Mei Bunge lilipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, ingawa kamati iliyomchunguza ilisema madai juu yake hayakuthibitika. Hapa Bukura, mahali pa chuo cha kilimo, habari ile ilijadiliwa kuliko tusi lolote la mwaka ule. Wakulima waliulizana namba za mifuko. Basi si kweli kwamba watu hawataki habari nzito. Huitaka ikiwa ina sanadi na inahusu shamba lao.

LA KUFANYA

Sina dawa ya kutengeneza taifa zima, lakini yapo ambayo kila mtu aweza kuyafanya bila ya kungoja tume.

La kwanza ni la wafiwa, wa Bukura na wa Kilifi pia. Mwenye matanga ndiye mwenye kipaza sauti. Ukoo mmoja hapa Bukura umekwisha kukata shauri kwamba katika mazishi yao kila mgeni atasema dakika tano na atamzungumzia marehemu tu. Mambo mengine ayapeleke kwenye mkutano wa chifu ambako anaweza kuulizwa. Mheshimiwa mmoja alikasirika akaondoka mapema. Mazishi yalikwisha saa tisa, na usiku ule isukuti ilipigwa na wazee wanne waliolipwa nusu ya bei ya jenereta.

La pili ni la wenye simu. Kabla ya kuipeleka habari mbele, muulize aliyekuletea: umeyasikia kwa nani? Akishindwa kujibu, iishie kwako. Ukimya huo mmoja una thawabu kuliko nasaha kumi za asubuhi zilizopambwa kwa maua.

La tatu ni la wasomaji. Gazeti ambalo halinunuliwi na msomaji litanunuliwa na mtu mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na haja ya kusikia juu ya mbolea wala korosho. Nunua, soma, na ukiona limekosea liandikie barua yenye jina lako. Mhariri anayepokea barua kila siku huandika vingine na yule asiyepokea hata moja.

La nne ni la wapiga kura, na ndilo gumu. Mgombea, awe wa wadi au wa urais, akikataa kuja kuulizwa, tuhesabu kwamba amekwisha kujibu. Tumekuwa tukimsamehe kwa sababu ni wetu, wa kabila letu, wa mji wetu au wa msikiti wetu. Lakini wanazuoni wa Hadithi hawakumsamehe msimulizi kwa sababu ni ndugu. Walikuwapo waliosema wazi kwamba baba zao wenyewe ni dhaifu katika kusimulia, wasichukuliwe.